Siku moja tu Montmartre, nianzie wapi?

SWALI: Asalaam aleykum Bi. Mimi kijana wa Langoni, Lamu, kazi yangu kupaka rangi majahazi, macho ya omo na majina, na msimu wa wageni nauza picha zangu pale karibu na gati. Mwezi wa kumi inshallah naenda Paris kwa dada yangu aloolewa huko na nitapata siku moja ya kutembea pekeyangu, nataka niende Montmartre, ule mtaa wa wachoraji wa zamani juu ya kilima. Wenzangu waloenda wananambia huko ni kusukumana tu, piga picha kanisa ushuke. Kweli hakuna cha zaidi?

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Hao wenzako wamepandia mbele wakashukia mbele, ndo maana. Kila mtu anakimbilia ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, wewe liache liwe la mwisho. Panda metro laini ya 12 ushuke Abbesses, stesheni yenyewe iko mita 36 chini ya ardhi, halafu pandisha polepole kwa miguu mpaka kiwanja cha Émile-Goudeau. Na uende asubuhi mapema, ikishafika saa nne saa tano hivi watu wanajaa.

Hapo kiwanjani ndipo palipokuwa na Bateau-Lavoir, jengo bovu la mbao, limegawanywa vyumba vyumba, bomba la maji moja kwa wapangaji wote, upepo ukivuma linalia kama jahazi kuukuu. Picasso alihamia humo 1904, na 1907 akachora humo ile picha yake ya wanawake watano iliyobadilisha uchoraji wa dunia. Jengo liliungua 1970 likajengwa tena, kwa hiyo ndani hutaingia, lakini simama tu hapo nje. Watu hudhani wachoraji walifuata mandhari, mimi nakwambia walifuata kodi, Montmartre ilikuwa kijiji cha nje ya Paris mpaka 1860 na hata baada ya hapo vyumba vikabaki rahisi, ndo kina Van Gogh na Renoir wakapata pa kukaa. Leo mchoraji asiye na jina hawezi kupanga pale, na hilo linaniuma kwa sababu naliona Shela, kijiji cha hapo Lamu, nyumba zinachukuliwa moja moja na watoto wa pale wanahamia mbali.

Endelea Rue Lepic uone kinu cha upepo, halafu Rue Cortot namba 12 ambapo Renoir alipanga 1876, siku hizi ni makumbusho. Ukishuka kidogo Rue des Saules utakuta kijumba cha waridi na cha pili chenye madirisha ya kijani, hicho cha pili ndo Lapin Agile, kilabu cha nyimbo walikokutana wachoraji wa zamani, na hapa wewe mtu wa Lamu usipite hivi hivi. Aliyekuwa akiendesha pale alikuwa na punda akiitwa Lolo. Mwaka 1910 mwandishi Roland Dorgelès na wenzake wakamfunga punda brashi mkiani, wakamlisha huku mkia ukipiga rangi kwenye turubai, picha ikatundikwa kwenye maonyesho makubwa kwa jina la mchoraji wa kubuni, Boronali, na watu wakaijadili kabisa mpaka Dorgelès alipotoboa siri!

Na uangalie kuta. Kilima kile kilichimbwa jasi miaka na miaka, ile plasta ya Paris tunayoisikia ilitoka humo, kama sisi tulivyochoma matumbawe tukapata chokaa ya zidaka zetu, vile vishubaka vya ukutani.

Place du Tertre wanakochora sura za watu pita, ila ukitaka kuchorwa uliza bei kabla hujakaa, wengine wanaanza kukuchora hata hujasema ndio. Chini ya ngazi za kanisa kuna vijana wanafunga watu uzi mkononi kisha wanadai pesa, we tia mikono mfukoni upite.

Daftari lako usiliache kwa dada. Ukimaliza mzunguko rudi pale Émile-Goudeau, kuna chemchemi ya chuma ya kijani, maji ya kunywa na ni bure, jaza chupa, shika benchi chini ya mti uchore mpaka jioni.