Kabla ya kuhesabu marejeo, litengeneze jina lako

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa afya hapa Unguja na Pemba, suala la "umerejelewa mara ngapi?", yaani makala zako zimetajwa mara ngapi kwenye makala za wengine, litakufikieni mapema: kwenye fomu ya ufadhili, kwenye maombi ya masomo, kwenye kupandishwa daraja. Jawabu hutolewa na mashine isiyotujua. Kwa hiyo anza na jina.

Mashine inataka jina la ukoo. Sisi tuna letu, la baba na la babu. Tuseme unaitwa Fatma Juma Ali. Jarida moja litakuandika Ali F.J.; jengine litakuandika Juma F., kwa sababu siku ile aliyejaza fomu ni mwenzako na babu kamuacha nje. La tatu limefuata pasipoti, inayosema Fatuma. Kwenye Scopus, hifadhidata inayohesabu makala na marejeo yake, unaweza kuonekana watu watatu, kila mmoja na makala zake mbili tatu. Na kinyume chake hutokea: kina Ali F. wamejaa duniani, ukashtukia umepewa makala ya upasuaji wa moyo uliofanywa Misri. Chagua namna moja ya kuliandika na usiibadilishe. (Wanawake wetu wana nafuu: kuolewa hakubadili jina.) Kisha jisajili ORCID, daftari la kimataifa la kuwatambulisha watafiti. Ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16, na namba hiyo ndiyo uiweke kwenye kila makala unayopeleka.

Sasa hesabu yenyewe. Indeksi h ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h. Zipange makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi: 40, 12, 6, 4, 2. Ya nne ina marejeo manne, ya tano haifikii matano. Basi h yako ni 4. Yale 40 ya juu hayakuongezei kitu kuliko yangekuwa manne tu. Na mwenye makala tatu hawezi kupita 3 hata akitajwa dunia nzima, kwa hiyo usijilinganishe na profesa wa miaka thelathini. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, kwa kawaida hutoa idadi kubwa kuliko Scopus, maana huokota hata tasnifu na ripoti. Ukiandika namba kwenye wasifu, taja umeitoa wapi na lini.

Namba pia haikwambii kwa nini mtu amerejelewa. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa Pemba la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Ilitarajiwa kinga, badala yake, kwenye malaria nyingi kama ilivyokuwa wakati ule, waliopewa chuma walikuwa na uwezekano zaidi wa kulazwa au kufa, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa kabla ya muda wake. Jaribio mwenza la Nepal, pasipo na malaria ya namna hiyo, halikuona madhara hayo. Tangu hapo makala ile inatajwa na wanaoikubali, wanaoibishia na wanaosaka sababu, na kila rejeo linahesabiwa moja. Shirika la Afya Duniani nalo likaangalia upya ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa sehemu za malaria. Mkipata matokeo msiyoyataka, msiyafungie kabatini.

Jengine ambalo watu huona haya kulisema: nani anaandikwa? Wako wanaochoma vidole vya watoto Micheweni, na wanaokaa na darubini kwenye maabara ya Wawi wakihesabu mayai ya minyoo, kisha wakaishia kwenye mstari wa shukrani. Kukusanya sampuli peke yake hakumfanyi mtu mwandishi kwa masharti ya wahariri wa majarida ya tiba. Lazima pia ashiriki kuandika au kuhakiki rasimu, aridhie toleo la mwisho na akubali kuwajibika. Basi omba rasimu ukiwa bado kwenye mradi, uisome, uandike maoni yako. Na nafasi za majina, hasa la kwanza na la mwisho, zizungumzwe kabla sindano ya kwanza haijachomwa.

Barua pepe ikikusifu kupita kiasi na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tatu ukilipa, ifute. Majarida ya kweli mengi yana msamaha wa ada ya kuchapisha kwa nchi zetu. Uliza kabla ya kupeleka makala.

Na ukurasa wako wa Google Scholar uzime ule uongezaji wa makala wa moja kwa moja. Ikija mpya, iangalie mwenyewe kabla ya kuikubali. Ya yule mpasuaji wa Misri mrudishie.