Uliza Bibi Shamba: Jumamosi za Shamba la Misheni

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Sikonge. Kanisani kwetu tuna shamba la misheni, ekari sita za mahindi na karanga, na kila Jumamosi sisi wanakwaya tunakwenda kulima kwa kujitolea. Msimu huu nimekosa Jumamosi mbili kwa sababu shamba langu limezidiwa na majani. Mwenzangu wa kwaya kaniambia imani yangu imepoa. Mume wangu naye anasema tunatumikishwa, maana hata mavuno hatujui yanakwenda wapi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekuwa bibi shamba miaka 27, huku Tabora mjini na vijijini, na Jumamosi zangu nyingi zimeishia kwenye shamba la misheni. Jembe unalolisema nalijua uzito wake.

Imani yako haijapoa. Mahindi yakishaota, ndani ya wiki tatu yanataka palizi ya kwanza. Ukiyaacha, majani yanakula mbolea na maji yaliyokuwa yake, na hata ukipalilia baadaye hayarudi kuwa yale. Watoto wanne wanalitegemea shamba hilo mpaka mvua za mwaka mwingine, na huku kwetu msimu ni mmoja tu. Paulo aliwaambia Wakorintho mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Huyo mwenzako usimnunie. Nyie mkipungua, matuta yanambakia yeye. Mwendee, mwambie hali ya shamba lako ilivyo.

Sasa nikusimulie jambo linaloniuma mpaka leo. Mwaka mmoja shamba letu la misheni lilikuwa na karanga nzuri sana, ila majani yalikuwa yameanza kupanda. Tukaomba msaada, na vijana wakaja lori zima, wamebeba majembe, wanaimba. Walifika karanga zikiwa zimepita wiki ya saba. Nilikuwa safarini. Niliporudi nikakuta matuta meupe, safi kama uwanja uliofagiliwa, nikapiga magoti nikafukua shina moja. Ua la karanga likishachavushwa hutoa kijiti chembamba kinachoinama na kuingia ardhini, na karanga hukua kwenye ncha ya kijiti hicho, huko chini. Vile vijiti vilikuwa vimekatwa, vimelala juu ya udongo vimenyauka kama nyuzi. Shina baada ya shina. Vijana wale walikuja kwa moyo mweupe, wakatoka jasho kweli, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba karanga zikishatoa maua na kuanza kuzamisha vijiti, jembe linawekwa kando na majani yanang'olewa kwa mkono. Lawama ni yetu tuliowaita.

Tangu hapo nasema wazi: anayeomba watu wajitolee anadaiwa kwanza kujua shamba linataka nini na lini. Wazee wa Urambo wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukavunjwa 1951, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake tatu. Matrekta yalikuwepo, fedha zilikuwepo. Ardhi na mvua ndivyo ambavyo havikusikilizwa. Shamba la misheni nalo halisalimiki kwa sababu tu limeombewa.

Kwa hiyo iambieni kamati ya shamba ipange upya. Wiki za palizi kila mtu yuko taabani nyumbani kwake. Gawaneni zamu, nusu ya kwaya wiki hii, nusu ile nyingine. Kazi za watu wengi ziwekeni kiangazi: kusomba samadi, kung'oa visiki, kupukuchua mahindi. Mwezi wa nane utapata watu hamsini bila kumbembeleza mtu.

Mume wako kwenye hilo la mavuno ana haki, na usimkatalie. Anayetoa jasho lake anaruhusiwa kuuliza magunia. Kanisa moja nililolihudumia lilikuwa na daftari la shamba, likisomwa mbele ya waumini baada ya mavuno: magunia haya yamekwenda kwa wajane, haya kwa wanafunzi, haya yameuzwa tukanunua mbegu. Mwaka uliofuata hata wanaume ambao hawakuwa waimbaji walikuja na majembe yao. Mwombe mzee wa kanisa unayemwamini alipeleke jambo hili kwenye kikao, kwa heshima, na mume wako awepo.

Jumamosi hii baki nyumbani umalize mahindi yako. Ile inayofuata nenda shambani mapema, kabla ya wenzako, uchungulie matuta ya karanga. Ukiona maua ya njano yameshatoka na vijiti vimeanza kushuka, wazuie majembe getini.