Migomba, mparachichi na upepo wa masika

SWALI: Shikamoo, mzee. Nimeolewa Kibosho, Moshi, na mwaka huu mama mkwe amenikabidhi kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, nikitunze mwenyewe. Masika yaliyopita upepo wa usiku mmoja uliangusha migomba tisa, sita kati yake ikiwa na mikungu ambayo haijakomaa, na tawi la mparachichi likaangukia banda la ng'ombe. Majirani wananishauri niifunge migomba yote kamba na kuukata mparachichi kichwa. Nifanye nini kabla ya mvua za Machi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mikungu sita ni chakula cha nyumba kwa wiki nyingi, nami nisingependa uipoteze tena.

Kabla ya kununua kamba, pita kihambani asubuhi moja na uupime kila mgomba kwa mkono. Weka kiganja kwenye shina, usawa wa bega, usukume taratibu huku macho yako yakitazama chini, pale shina linapoingia ardhini. Mgomba wenye mizizi mizuri utapinda kidogo na kurudi. Ukiona udongo unapasuka upande unaokuelekea, au tunguu, yaani kitako cha mgomba kilichomo ardhini, linainuka, fahamu kwamba mgomba huo umekwisha kulegea na unangoja upepo tu. Nakuomba sana usiruke hatua hii, kwa sababu shina la mgomba si mti: ni magome ya majani yaliyofungamana, yamejaa maji, na uzito wote wa mkungu unabebwa na mizizi ambayo sehemu yake kubwa haizidi sentimita 40 kwenda chini.

Ulegevu huo mara nyingi una sababu tatu. Shina la zamani lililozaa machipukizi kwa miaka mingi hupandisha matunguu juu ya ardhi. Hapo rundika udongo na samadi iliyooza kuzunguka shina. Fukusi wa migomba hutoboa tunguu kwa ndani. Pasua vipande vya mgomba uliokwisha kuvunwa kwa urefu, vilaze chini karibu na mashina, upande uliopasuliwa ukitazama ardhi, kisha baada ya siku chache vigeuze na uwaue fukusi waliojificha humo. Sababu ya tatu ni maji. Ikiwa mfongo, yaani mfereji wa kienyeji, unamwaga maji katikati ya migomba, yageuze mapema, maana udongo ulioloa kwa siku nyingi hauishiki mizizi, na ndiyo maana upepo wa katikati ya masika huangusha migomba ambayo ilistahimili upepo mkali zaidi wakati wa kiangazi.

Kuhusu kamba, majirani wako hawajakosea kabisa, ila si kila mgomba unaihitaji. Mche mchanga usiozaa uache uyumbe. Tegemeza ule wenye mkungu, na kwanza kabisa mgomba mrefu wa aina ya mshale uliokwisha kuinama. Tumia mti wenye panda, uuegemeze upande ule ambao mgomba unalalia, panda ikikamata shina chini kidogo ya shingo ya mkungu, na kitako cha mti kichimbiwe ili kisiteleze. Majani makavu yaondoe, lakini mabichi usiyamalize kwa kuogopa upepo: jani la mgomba huchanika lenyewe na kuupitisha upepo, na mgomba unaotoa ua unahitaji majani mabichi manane hivi ili ulishe mkungu. Punguza pia machipukizi, ubaki na mama, binti na mjukuu katika kila shina.

Mparachichi usiukate kichwa, mwanangu. Ukikatwa hivyo, utachipua fito nyingi zilizoshikana juu juu, na hizo ndizo zitakazovunjika baada ya miaka miwili au mitatu. Toa matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yale yaliyoning'inia juu ya banda, bila kuzidi robo ya matawi yote kwa mara moja. Tawi nene lianze kukatwa kwa chini kidogo, kisha juu, mbali na shina, ili lisichane gome likianguka. Kisiki kinachobaki ukikate mwishoni. Ikiwa tawi liko karibu na nyaya za umeme, usilishike, waite TANESCO.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, muda wa kutibu mizizi umekwisha kupita. Siku hiyo vuna mikungu ambayo kingo za ndizi zake zimeanza kuviringana, ingiza mabati na ndoo stoo, na ujaze tangi la maji lililo chini, kwani lita 1,000 ni kilo 1,000 ambazo upepo hauzibebi.

SWALI: Ninaishi Njiro, Arusha. Upepo unaviza nyanya na sukuma wiki zangu. Je, nijenge ukuta wa tofali upande huo?

JIBU: Ukuta mzima huupandisha upepo juu, kisha upepo huo huanguka nyuma yake ukizunguka, na mara nyingi mboga zilizo hapo ndizo zinazolazwa. Panda ua wa mimea unaoachia karibu nusu ya upepo ipite. Ua wa namna hiyo hupunguza kasi ya upepo hadi umbali wa mara kumi ya kimo chake, yaani ua wa mita 2 hukinga kama mita 20 za bustani. Uwe mzito hadi chini, wala usiache pengo katikati, kwa sababu upepo hubanwa penye pengo na kutoka kwa kasi kubwa zaidi. Tuta la kwanza la nyanya liwe mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye ua, ili mizizi ya ua isizinyang'anye nyanya maji.