Soketi ya waya za spika kwenye redio kaseti

Mkuu, umesema soketi ya waya za spika kwenye redio kaseti yako imevunjika; ikishavunjika hivyo usiende dukani na jina la redio, hawatakuelewa. Pima pini zilizobaki kwenye bodi (kile kibao cha saketi ndani ya redio). Weka rula toka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho, kisha gawa kwa idadi ya nafasi kati ya pini. Pini 5 zina nafasi 4: ukipata mm 10, kila nafasi ni mm 2.5, ukipata mm 8, kila nafasi ni mm 2. Kwa macho zinafanana kabisa, nimeshaumbuka hapo. Halafu pita kwa mafundi redio Kariakoo, omba bodi mbovu, nyofoa soketi ya kipimo hicho na waya zake kama sentimita 10 ili upate pa kuungia. Ila kabla hujakata ile ya zamani, piga picha rangi za waya.