Re: Mama ameandikiwa trastuzumab, tuanzie wapi?

Habari dada, pole sana na mama. Umeuliza kama trastuzumab inamfaa kila mwenye saratani ya matiti, hapana, kwanza angalia ripoti ya patholojia, HER2, yaani protini kwenye seli za saratani ambayo dawa hii inailenga, ikiwa 3+ dawa inamhusu, ikiwa 2+ ombeni kipimo cha FISH, kinachohesabu jeni za HER2 ndani ya seli, kabla hamjatoa pesa. Halafu eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, usiiruke kabisa maana hii dawa inaweza kudhoofisha moyo, mimi hapa Kampala walinipima kabla ya dripu ya kwanza na wakaendelea kunipima. Leo nalea wajukuu, na nikisali namtaja mtafiti Dennis Slamon na wenzake kule Los Angeles waliohangaika na dawa hii mpaka ikaidhinishwa Marekani 1998, pamoja na wale kina mama waliokubali kujaribiwa kwanza. Ya dozi muulize daktari wake.