Jibu: Viza ya ufugaji Australia, kulisha tu hakutoshi

Ndugu yangu umeuliza kama miaka sita ya kulisha na kukamua kwenye shamba la mtu inatosha kuombea viza ya 491 (ile ya muda ya wenye ujuzi, ya kuishi na kufanya kazi mikoani Australia) kama mfugaji. Yenyewe kama ilivyo haitoshi, na nakuomba usilipe hela yoyote kabla hujaelewa hapa. Wale jamaa wa uhamiaji wa Australia wanatofautisha mfugaji na kibarua wa shambani, mfugaji kwao ni yule anayeamua, yani anapanga uzalishaji na mbegu, malisho, chanjo, anachagua mifugo ya kuuza na lini, anashika bajeti na rekodi na kusimamia wafanyakazi. Ngazi ya kazi hiyo kwenye orodha yao ya kazi ni digrii au uzoefu wa miaka 5 usiopungua. Sasa kama ulikua unafanya hayo ila cheo kinasema mkamuaji, mwombe bosi barua inayoeleza majukumu yako halisi, tarehe na masaa, maana VETASSESS, lile shirika la kupima ujuzi wa waombaji, ndio wanaopima na wanaangalia kazi yenyewe sio jina la cheo. Usitie chumvi lakini, wanahakiki.

Mengine: uwe chini ya miaka 45, IELTS (mtihani wa Kiingereza) 6 kila kipengele, pointi 65 kwenye mfumo wao wa pointi za uhamiaji, na jimbo likuteue.