Chumba kimoja sokoni

Wiki hii mmeuliza: halmashauri zitumie vipi fedha zake ili watoto wadogo wapate malezi bora wakati wazazi wako kazini? Mimi nauza mboga za majani kwenye soko moja hapa Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Jibu langu: zianzie sokoni, na fedha hizo zisiwe mkopo.

Mwanangu wa pili amekulia chini ya meza. Nilikuwa nafika saa kumi na moja alfajiri na mafungu ya mchicha na matembele, namtandikia kanga juu ya boksi lililokunjuliwa, halafu naweka tenga tupu upande wa njia ili wabeba mizigo wasimkanyage. Alipoanza kutambaa, tenga halikumzuia tena. Nikampeleka kituo cha mtaani, shilingi 1,500 kwa siku, uji humo humo. Chumba kimoja, mkeka mmoja, watoto 23, dada mmoja. Wiki ya pili nikamkuta na lengelenge mkononi. Sufuria ya uji ilikuwa imewekwa sakafuni. Yule dada alikuwa analia kuliko mtoto, na sikuwa na la kumlaumu, wala leo sina. Huwezi kupakua uji, kumbadilisha mtoto aliyejikojolea, na wakati huohuo kumvuta mwingine asiguse sufuria. Watu wakisema malezi bora huwaza midoli na picha za ukutani. Mimi nawaza mikono: ni mingapi kwa watoto wangapi, na inalipwa nini.

Sheria hatuna uhaba nayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na maofisa ustawi wa jamii wapo. Tangu Desemba 2021 tuna hata programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM. Lakini ukiacha kliniki na chanjo, fedha ya umma inamfikia mtoto akishaingia darasa la awali, na hapo ana miaka mitano. Miaka yote ya nyuma yake ni ya mama na meza yake.

Najua wapo watakaosema, si kuna asilimia 10? Ni kweli. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo imewainua wenzangu wengi, siibezi hata kidogo. Ila kikundi kikifungua kituo cha watoto kwa mkopo, marejesho yatatoka wapi? Kwenye ada. Na mlipa ada ni mimi, ambaye siku ya mvua narudi nyumbani na mchicha ulionyauka. Basi kikundi kitaongeza watoto kwenye mkeka uleule, au kitampunguza dada mmoja, na sufuria itarudi sakafuni.

Mlinzi wa soko letu hadaiwi marejesho. Taa zikiungua hakuna anayeuliza kama balbu italeta faida. Hayo yanahesabiwa kuwa gharama za soko, na sisi tunayalipia kwa ushuru wetu. Mlezi wa watoto naye aingizwe humo, alipwe mshahara na halmashauri kwa mwezi, asitegemee nani kauza na nani hakuuza. Sisi wazazi tuchangie uji, hilo tunaliweza. Jirani zetu Kenya wameandika kwenye Katiba yao ya 2010, Jedwali la Nne, kwamba vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali za kaunti. Angalau mama wa kule akienda kudai, anajua mlango wa kubisha. Sisi tunazungushwa kati ya ofisi ya mtaa, kata na wilaya.

Na wala sisemi halmashauri ijenge ghorofa. Pale kwetu, nyuma ya wauza samaki wakavu, kipo chumba kinachohifadhi meza zilizovunjika. Kina dirisha kubwa, sakafu ya saruji isiyo na ufa, na bomba la maji liko hatua kumi kutoka mlangoni. Nimezihesabu.